Atachomelea Mwingine

Springi iliyokatika huwa na rangi mbili pale ilipokatikia. Kuisoma nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye gereji yake katika kichochoro kimoja cha Magomeni Mwembechai haina ukuta wala kibao: ni mwarobaini, shimo la kuingilia chini ya gari, na kontena la kufungia spana usiku. Kila likizo nilikuwa namwandikia daftari la madeni. Ukikishika kipande cha springi na kukielekeza juani, utaona sehemu moja imepiga weusi wa kutu, laini, yenye mistari ya kupinda kama ya ganda la chaza. Sehemu ya pili inang'aa na ina chembechembe kama sukari. Ile nyeusi ilikatika zamani. Ufa ulianzia pale, ukatembea kidogo kidogo kwa miezi, pengine miaka, maji yakiingia ndani yake. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika leo, mara moja, wakati chuma kilichobaki kilipokuwa chembamba mno kubeba gari.

Dereva anajua habari za sehemu inayong'aa tu. Atakwambia ni shimo la pale Kagera, au tuta ambalo halikupakwa rangi. Mjomba habishani naye. Anakigeuza kipande, anamwonyesha weusi, anarudi kwenye kazi yake.

Tuna methali ya ufa na ukuta, kila mtu anaijua. Shida yake ni kwamba inadhani ufa unaonekana. Ufa wa springi uko chini ya rangi, kwenye raundi ya mwisho iliyokaa ndani ya kikombe chake, mahali ambapo mchanga na maji ya tope hutuama na jicho halifiki.

Kwa kifupi, springi ya gari dogo ni fimbo ya chuma iliyozungushwa. Gari linapopanda na kushuka, chuma hicho hakibonyei kama godoro. Kinajisokota kama nguo inayokamuliwa, halafu kinajisokotoa. Kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678, kwamba springi hurudisha nguvu kwa kadiri ilivyovutwa, ni ya kweli kwa mvuto mmoja. Haisemi lolote juu ya mvuto wa milioni. Hilo dunia ilijifunza kwa njia mbaya zaidi. Mei 1842 ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilikatika, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wakiungua ndani ya mabehewa yaliyofungwa milango. Baadaye mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alitumia miaka mingi kuzungusha vyuma kwenye mashine hadi vikatike. Alionyesha kwamba chuma hukatishwa na mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba bila taabu kwa siku moja, mradi urudiwe mara za kutosha. Alionyesha pia kwamba kuna mzigo mdogo zaidi ambao chuma huonekana kuustahimili bila mwisho. Lakini hiyo ni habari ya chuma safi na kikavu. Kutu ikishaingia, ukomo huo unaondoka, na kila mtikisiko, hata ule wa kushuka kwenye ukingo wa lami, unahesabika.

Sasa fikiria maisha ya Vitz au IST ya mtaani kwetu. Imezeeka mara moja Japani, pengine kwenye mkoa wa theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Imevuka bahari. Imelipiwa ushuru wa uchakavu bandarini, yaani serikali yenyewe imeandika kwenye karatasi kwamba kitu hiki ni kikuukuu. Kisha imeanza maisha ya pili katika mji wenye hewa ya chumvi, vichochoro vya mchanga, na bonde la Msimbazi ambalo mvua za masika zikikolea hufurika na kufunga barabara pale Jangwani. Hapo ndipo springi yenye ufa inapobeba abiria wanne na mzigo wa Kariakoo.

Daladala zina heri kidogo. Zile springi zao za nyuma za vyuma bapa, vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, zinaishi kijamaa: kimoja kikikatika, vingine vinabeba zamu yake, na konda akiwa na mpira wa kufungia gari linafika kituoni likiwa limeinama kama mtu mwenye jino bovu. Springi ya kuzunguka haina wenzake.

Nilipokuwa mwaka wa pili Mlimani, nikisoma falsafa (Mjomba aliwaeleza wateja kuwa ni "mambo ya kubishana"), alikuja kijana na Vitz iliyoinama mbele kushoto. Alikuwa anabeba abiria wanaoita gari kwa simu. Gari halikuwa lake. Alikuwa na mkataba: kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye gari, na miezi waliyokubaliana ikitimia, gari linakuwa lake. Ilibaki miezi minne. Kwa asiyeijua mikataba hii: ukikosa hesabu mara mbili tatu mwenye gari anaweza kulichukua, na yote uliyokwisha kulipa yanabaki kuwa hadithi ya kusimulia kijiweni. Matengenezo ni ya dereva.

Mjomba alivua tairi, akapapasa kwa vidole, akatoa kipande chenye urefu wa kiganja. Springi za mtumba zipo Gerezani, lakini hafungi moja. Hufunga jozi, kushoto na kulia, kwa sababu iliyo nzima ikikaa na iliyochoka, gari halisimami sawa. Jozi pamoja na ufundi ilikaribia hesabu ya wiki nzima. Kijana alikuwa na pesa ya mafuta.

"Nipigie moto tu, mzee wangu," alisema. "Nisogeze wiki mbili hizi."

"Springi sichomelei."

"Mwisho wa mwezi nakuja, unanifungia zote mbili. Nakuomba, mzee."

"Mwanangu, kaa unywe maji. Ila hilo hapana."

"Sasa si nitaenda kwa yule wa mageti? Yeye atachomelea."

"Atachomelea," Mjomba alikubali.

Na alichomelea. Fundi wa mageti na magrili yuko ng'ambo ya barabara, mtu mpole, mwimbaji mzuri wa kaswida. Ilimchukua dakika kumi na alitoza bei ya sahani ya wali maharage.

Ubaya wa kuchomelea springi si kwamba mshono ni dhaifu. Mshono huwa mnene na unaridhisha macho. Ubaya uko pembeni yake. Chuma cha springi kina kaboni nyingi na kimepitia moto kiwandani kwa mpango: kimepashwa hadi kikawa chekundu, kikapozwa ghafla, kisha kikarudishwa kwenye joto la wastani ili kiwe kigumu bila kuwa kikavu kama kigae. Moto wa kuchomelea unaifuta kazi hiyo. Karibu na mshono chuma kinapoa haraka na kuwa kama kioo. Mbele kidogo kinalegea. Springi ya namna hiyo ikikatika tena, mara nyingi hukatika hapo pembeni, na wala haikupi taarifa.

Jioni nilimwuliza Mjomba amemsaidia nini yule kijana. Springi imechomelewa vilevile, tena na mtu ambaye kazi yake ni mageti. Yeye angalau angeipasha moto taratibu na kuipoza kwenye majivu. Abiria wa kesho wangekuwa salama kidogo zaidi kama angekubali.

"Mkono wangu haumo," alisema.

Chuoni nililikuta jibu hilo limevaa suti. Mwaka 1973 Bernard Williams aliandika kisa cha George, mkemia asiye na kazi na mwenye familia, anayepewa nafasi kwenye maabara ya silaha za kemikali. George anazichukia silaha hizo. Lakini anaambiwa kwamba akikataa ataajiriwa mwingine ambaye atazitengeneza kwa bidii zaidi. Ukihesabu matokeo tu, George akubali. Williams alisema hesabu hiyo inaacha kitu muhimu: kwamba kuna tofauti kati ya jambo kutokea duniani na mimi kulifanya, na kwamba mtu anayetakiwa aweke kando kila anachokiamini mara tu hesabu za wengine zinapobadilika hana tena maisha anayoweza kuyaita yake. Nilifurahi sana. Niliandika insha ya muhula nikamweka George chini ya mwarobaini wetu.

Siku hizi sioni kama jibu hilo linatosha, ingawa bado naona ni la kweli. "Mkono wangu haumo" ni habari kuhusu Mjomba. Mama anayepanda lile gari Kariakoo akiwa na mtoto mapajani na furushi la vitenge haimhusu ni mkono wa nani umo. Kwake kuna springi moja tu, nzima au mbovu.

Wiki hiyohiyo nilivuka barabara nikamwuliza fundi wa mageti kwa nini alikubali. Hakukasirika. "Dada yangu, nisipochomelea mimi ataenda Manzese," alisema. Nina hakika kwamba fundi wa Manzese naye ana mtu wa Tandale kichwani. Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro ya hoja yenyewe. Kila mmoja anamchukulia mwenzake kama mvua: kitu kitakachokuja tu, usichoweza kukiuliza kitu. Mjomba alisema "atachomelea" kwa sauti ileile anayosemea kwamba jioni kutanyesha. Lakini fundi wa mageti si mvua. Ni mtu ambaye wakati huo huo anafikiri habari za wengine kwa namna hiyohiyo, na uhakika wake kwamba wengine watachomelea ndio unaomfanya achomelee. Springi inachomelewa na hakuna aliyeamua.

Derek Parfit, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, anaita mawazo ya namna hii makosa ya hesabu. Tunapima tendo la mtu mmoja, tunaona halibadilishi kitu, tunalisamehe. Halafu tunashangaa matendo mengi yasiyobadilisha kitu yamemuumiza mtu. Tendo linaweza kuwa baya, anasema, kwa kuwa ni mojawapo ya matendo ambayo kwa pamoja yanadhuru, hata kama lenyewe huwezi kuliona. Ningempa kile kipande cha rangi mbili akitumie kufundishia. Kila shimo la Magomeni lina haki ya kujitetea kwamba si lenyewe lililokata. Tofauti ni kwamba shimo halina la kuamua.

Watu wengi wangeishia hapo na kusema: basi, mafundi wote wakatae. Wakikataa wote, madereva watalazimika kununua jozi. Ni kweli kwa sehemu. Hata kukataa kwa fundi mmoja si bure kabisa, maana kunamwongezea dereva safari, muda na aibu, na yupo ambaye atachoka na kwenda Gerezani. Ila naiona hoja hii kuwa rahisi sana mdomoni mwa mtu ambaye gari lake halipelekewi hesabu. Wote wakikataa, mzigo wote unamwangukia yule kijana. Atakosa hesabu, gari litachukuliwa, miezi iliyopita itapotea. Usalama wa abiria ni halali yao, lakini kwa nini ulipwe na mtu aliyeko chini kabisa, hali mwenye gari anapokea hesabu yake kamili Jumatatu? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani. Haikuandikwa ikiwa na mkataba wa aina hii mbele yake, ambapo mwenye gari kwenye kadi na mwenye gari kwenye gereji ni watu wawili tofauti.

Mjomba alikuwa na namba ya mwenye gari. Hakumpigia.

"Nikimpigia, kesho gari linachukuliwa," aliniambia. "Nitakuwa nimemtoa kijana wa watu barabarani kwa mdomo wangu."

Katika hili tulitofautiana na bado tunatofautiana. Naona alipaswa kupiga. Si kumshitaki kijana. Kusema tu kwamba gari lako limekatika springi, na springi si kioo cha pembeni wala redio, ni sehemu ya gari linalokuletea pesa. Fundi ndiye mtu pekee katika mnyororo ule anayeweza kusema neno hilo na likaaminika. Akiwa na elimu ya kuona ufa ambao wengine hawauoni, kunyamaza kwake kuna uzito kuliko kunyamaza kwa mpita njia. Mjomba ananijibu kwamba nayasema hayo kwa sababu sijawahi kupigiwa simu na mtu aliyenyang'anywa gari. Ni jibu zuri. Sijapata la kulivunja, nimepata la kulipunguza tu: kijana angeweza kuulizwa kwanza, au simu ingepigwa akiwa amekaa palepale, akisikia kila neno.

Kuna siku nilimbana kwa upande mwingine. Yeye mwenyewe hufunga spesa, zile raba zinazowekwa kunyanyua magari ambayo springi zake zimelegea au ambayo wenyewe wanataka yasiguse matuta. Nikamwambia hiyo nayo ni dawa ya kuficha ugonjwa. Alifikiri kidogo, mkono ukiwa umeshika kopo la grisi.

"Spesa ikitoka, gari inashuka, unasikia, unarudi kwangu," alisema. "Ile ya moto ikitoka, hurudi."

Nadhani katika sentensi hiyo kuna maadili ya ufundi zaidi kuliko katika "mkono wangu haumo." Hakuna fundi wa magari ya zamani anayeuza uzima; wote wanauza muda. Bushi za mtumba ni muda, tairi lililozibwa ni muda. Swali la haki ni kama muda ule unapokwisha utaambiwa. Kuna viraka vinavyopiga kelele kabla ya kuachia na vingine vinakaa kimya hadi dakika ya mwisho, na mtu maskini ana haki ya kununua vya kwanza bila kuhubiriwa. Vya pili ni kumuuzia asichoweza kukiona, yeye pamoja na abiria ambao hawakuwepo wakati wa kupatana bei. Kwa kipimo hiki fundi wa mageti alikosea hata kama nia yake ilikuwa njema, na Mjomba alikuwa sahihi kukataa hata kama kukataa kwake hakukuzuia kitu. Ila kipimo hichohicho kinamdai Mjomba ile simu, maana taarifa ndiyo kitu alichokuwa nacho na hakukitoa.

Siku ya tisa springi ilikatika, sentimita moja pembeni ya mshono. Gari lilikuwa linakata kona taratibu kuingia mtaani Mikumi. Ncha ilichana tairi kwa ndani. Abiria alishuka, akaita gari jingine, na kijana akaja kwa miguu kuazima jeki. Mjomba alimpa jeki na hakusema lolote la nilikuonya. Jozi ya springi na tairi la mtumba viliingia kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na deni lile lilimalizika kwa awamu tano.

Ingetokea kwenye mteremko wa Jangwani, gari likiwa na kasi na mabasi yakipita pembeni, tungekuwa na habari nyingine. Fundi wa mageti angeitwa muuaji na watu wanaomsifu kwa kaswida zake, na mimi pengine nisingeandika insha hii kwa utulivu. Lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye angekuwa amefanya jambo tofauti na alilolifanya. Chuoni tuliita hiyo bahati ya kimaadili na tukaijadili kwa saa mbili. Kichochoroni hakuna anayeijadili. Wanasema Mungu mkubwa, wanaendelea kufungua nati.

Mwezi uliopita niliita gari Kariakoo usiku. Tulipopita Fire nikasikia mlio mbele kushoto, kong, na tulipokata kona ya Mapipa ukarudi. Dereva alikuwa na nyota karibu tano kwenye simu yangu. Nyota hizo hupimwa kwa usafi, salamu na njia uliyopitia; hakuna abiria anayeulizwa kuhusu springi.

"Kaka, huo mlio umeanza lini?" nilimwuliza.

"Ah, hiyo bushi tu, dada. Juzi juzi."

Nikamwambia nina mjomba fundi, anisamehe, na kwamba nadhani si bushi. Aliongeza sauti ya redio kidogo. Tulipofika nililipa, nikawasha tochi ya simu na kuinama kando ya tairi lake, na baada ya kusita alizima injini, akashuka, akainama na yeye. Raundi ya chini haikuwa mahali pake. Alikitazama kikombe kwa muda, akakipangusa mchanga kwa kidole.

"Gari si langu," alisema.

"Namba yake unayo?"

Alikuwa nayo. Alisimama ameishika simu, mwanga ukimpiga usoni, akaniuliza kama fundi wangu anakopesha.